Mrenda kwa Supu, Pilau kwa Munyu

Ujumbe wa Madam uliingia kwenye kundi la wazazi magharibi, saa ambayo kila mzazi ana sufuria motoni na hana nafasi ya kujitetea. Gredi ya 6 watapika. Kila kikundi kimeokota kikaratasi chenye jina la jamii, na Ijumaa asubuhi kitaleta darasani chakula cha jamii hiyo, pamoja na picha za hatua za upishi na maelezo ya mdomo. Wazazi wakaanza kujibu "asante Mwalimu" mmoja baada ya mwingine, kwa adabu ile ile tunayopokelea bili ya maji.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nyumba zetu zimekuwa matawi ya shule. Tumeshona vikaragosi kwa soksi kuukuu, tumesimamisha sanamu za kutishia ndege kwenye vibaraza visivyo na shamba, tumekimbilia saiba usiku kuchapisha picha ya mtoto akifua kitambaa. Ukilalamika unaambiwa kazi ni ya mtoto, mzazi ni msaidizi tu. Anayesema hivyo hajawahi kusaidia. Mradi wa upishi lakini niliupokea kwa moyo mkunjufu. Nilijiambia kwamba sanamu ikiharibika inatupwa, bali chakula hata kikiharibika kidogo kinalika.

Binti yangu ana pande mbili. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, baba yake ni Mluhya, Mwisukha wa Shinyalu, na makazi yetu ni Amalemba, hapa mjini Kakamega. Mtoto alitarajia kuokota Pwani. Nami nilimwombea aokote Pwani, kwa kuwa pilau naweza kuipika huku nagombana na mtu kwa simu. Akaokota Waluhya. Pwani ikaangukia kikundi cha kijana wa jirani yetu, Mama Nyamira, ambaye kwao ni matoke na wimbi, na ambaye hajawahi kuona sababu ya kutia karafuu kwenye mchele. Mtoto wa Kijaluo alipata mukimo, wa Kikuyu akapata omena. Wazazi wa yule aliyepata mursik wa Wakalenjin niliwaonea huruma ya kweli. Maziwa yale hutiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti maalumu, yakalala humo siku kadhaa. Si kitu cha kutangazwa Jumatatu kikaliwa Ijumaa.

Vikundi vikakaa vikao. Kikundi cha binti yangu kikaamua kupikia kwetu kwa sababu nyumba yetu ina baba Mluhya. Kikundi cha pili kikaamua kupikia kwetu kwa sababu nyumba yetu ina mama Mpwani. Mume wangu alipoelezwa alisema, "Basi mwite Mama," akafunua gazeti.

Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kukhu, alishuka Alhamisi kutoka matatu ya Shinyalu na mizigo ya mtu anayehama. Jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Gunia la mrenda na likhubi, majani ya kunde yale, yakiwa bado na umande wa shambani. Unga wa wimbi uliosagwa pamoja na muhogo. Viazi vitamu, maharagwe, mahindi. Kopo tupu la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu kitakoni. Na kiroba cha majivu.

"Mama Pwani," akaniambia kabla hajaketi, "najua nyumba hii haina majivu."

Kweli haina. Tunapikia gesi, na jiko la makaa hutoka siku za wageni.

Majivu yale hayakuwa ya kuni za ovyo. Yalikuwa ya mabua na maganda makavu ya maharagwe, yale yanayobaki baada ya kupura, yakachomwa hadi yakawa meupe. Kukhu alitandaza nyasi kidogo ndani ya kopo, akajaza majivu, akayashindilia kwa kiganja, akaweka kopo juu ya jagi langu la plastiki, akaanza kutia maji kidogo kidogo. Watoto wa vikundi vyote viwili waliinama kulizunguka. Kwa muda hakuna kilichotokea, na mmoja akaanza kuchezea simu. Kisha tone la hudhurungi likadondoka jagini. Likaja la pili. Huo ndio munyu, wengine huuita musherekha, na bila huo Mluhya wa rika la Kukhu hakubali kwamba mboga imepikwa. Kijana wa Mama Nyamira alichovya kidole, akaonja, akaomba maji.

Mimi nilielewa upesi kuliko Kukhu alivyotarajia. Pwani tunatia magadi kwenye maharagwe na mboga ngumu kwa kazi hiyo hiyo. Maji ya majivu yana potasiamu kwa wingi, hulegeza nyuzi za jani na kuzuia kijani chake kisififie, na ukizidisha kipimo unapata ladha ya sabuni. Niliwaeleza watoto hivyo. Kukhu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema magadi ni ya wavivu.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kumchinja jogoo na hakuona haja ya kuondoka. Kuku akanyonyolewa, akababuliwa juu ya moto wa makaa mpaka ngozi ikanukia, kwani ingokho isiyobabuliwa, kwa mujibu wa Kukhu, ni kuku wa hospitali. Kukhu akamkata kwa viungo huku akiwafundisha watoto kipi ni cha nani, na binti yangu akiandika. Alipofika kwenye firigisi aliinyanyua kwa vidole viwili. Hii ni imondo, akasema. Hii ni ya mwenye nyumba. Hakatiwi mwingine hata kipande. Zamani, akaongeza, wanawake wa hapa hatukula kuku kabisa. Tulimfuga, tukamkamata, tukampika, tukasikia harufu. Binti yangu aliacha kuandika. "Na ulikuwa huonji hata kujua kama chumvi imetosha?" Kukhu alimwambia mpishi mzuri hujua kwa pua.

Mume wangu wakati huo alikuwa amepita jikoni kunywa maji mara nyingi kuliko kiu ya binadamu.

Niseme hapa kwamba Madam hakuzua jambo jipya katika kaunti hii. Zaidi ya miaka 10 iliyopita watoto wa shule za msingi wa Waisukha, pamoja na wenzao wa Pokot Mashariki kule Baringo, walishirikishwa kuwahoji wazee na kuandika jinsi jamii zao zinavyopanda, kupika, kugawa na kuhifadhi chakula. Nyuma yao walikuwapo wataalamu wa Makumbusho ya Taifa, Idara ya Utamaduni, UNESCO na taasisi ya Bioversity International. Kazi hiyo ilitoka kwenye juhudi kubwa zaidi iliyoanza mwaka 2007, ambayo iliorodhesha mimea ya kienyeji ipatayo 850 pamoja na majina yake ya asili. Desemba 2021 UNESCO iliiingiza juhudi hiyo ya Kenya kwenye orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi turathi. Mboga ambazo kizazi changu kilifundishwa kuziona za kimaskini, tukakimbilia kabeji, ndizo zilizotutoa kimasomaso.

Kikundi cha pilau nacho kilikuwa na utafiti wake. Kukhu alikuwa ameitazama meza yao, iliki, mdalasini, karafuu, bizari nyembamba, pilipili manga, akatamka kwamba chakula kinachohitaji duka la dawa si cha watu wa hapa. Kijana wa Mama Nyamira alifungua daftari. Kwa heshima zote, Kukhu, pilau imekaa Mumias muda mrefu kuliko kanisa. Wafanyabiashara wa misafara kutoka Pwani walikuwa wamefika katika himaya ya Wawanga kabla Mzungu Joseph Thomson hajapita pale mwaka 1883. Nabongo Mumia, mfalme wao aliyefariki mwaka 1949, aliwapokea, wakaoa, wakajenga, na Uislamu ukabaki Mumias mpaka leo pamoja na mapishi yake. Kutoka hapa mpaka kule si safari.

"Hao ni Wawanga," Kukhu akasema, kwa sauti ya kumaliza kesi.

Binti yangu hakuiacha. Yeye ndiye aliyepewa kueleza mushenye, ule mseto wa viazi vitamu na maharagwe uliopondwa, ambao Kukhu huutia mahindi, na alikuwa amesoma mpaka akapata kitu ambacho hakikumpendeza nyanya yake. Mahindi yalitoka Meksiko. Maharagwe haya mekundu, huko huko mabara ya Amerika. Viazi vitamu vilevile. Hata muhogo ulio kwenye unga wa ugali. Vyote vilivushwa bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania, na mahindi meupe yalikuja kutawala mashamba ya hapa katika karne ya 20, wakati wa ukoloni. Kwenye sufuria ya mushenye, Kukhu, kilicho cha Afrika ni maji.

Jiko zima likanyamaza. Shemeji aliacha kutafuna.

Kukhu alikuwa akichambua mrenda, anavuta jani kutoka kwenye kikonyo na kutupa kikonyo bila kutazama. "Na hao Wamarekani," akauliza, "wanapika mushenye?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi ni yetu. Andika."

Mtoto akaandika. Naamini hiyo ndiyo hoja bora niliyosikia juu ya asili ya chakula, na nimewahi kukaa kwenye semina. Pia, nje ya sufuria ya mushenye, si maji peke yake yaliyokuwa ya Afrika: wimbi lililokuwa kwenye unga lilianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki maelfu ya miaka iliyopita, na kunde ni ya Afrika asilia. Nililisema hilo, na hakuna aliyenisikiliza.

Jioni tukawasha moto kwelikweli. Pilau ilipewa gesi, vyakula vya Waluhya vikapewa jiko la makaa mlangoni. Nilikuwa nimechemsha nyama ya ng'ombe kwa tangawizi, thomu na bizari nzima, nikaichuja supu kwenye jagi la pili. Majagi haya ni pacha, zawadi ya arusi yetu, hayatofautiani hata mkwaruzo. Moja lilikuwa na supu ya hudhurungi. La pili lilikuwa na munyu wa hudhurungi. Yote mawili yalikuwa juu ya meza. Vitunguu vilikuwa vinageuka rangi, mchele wa pishori umeshaoshwa na kuchujwa, watoto wanapiga picha kila pumzi, na mimi nimetoka nje kumsaidia Kukhu kusonga ugali wa wimbi, ambao unataka mabega mawili na subira. Hapo stima zikapotea.

Kilichotendeka jikoni katika dakika zile za giza kimekuwa na masimulizi mengi. Watoto wanasema waliinua mikono juu wote, kama walivyofunzwa maabara. Shemeji anasema alisikia sauti yangu ikiamuru, "Tia supu sasa, vitunguu vinaungua!" Ni kweli niliamuru. Alichukua jagi la karibu akalimimina lote kwenye pilau, akafunika, akajipongeza. Dakika chache baadaye Kukhu aliomba apelekewe munyu mlangoni, na mtu mwema mwenye mikono ya shemeji akampelekea jagi lililobaki.

Mama Nyamira alifika na tochi kuona mwanawe anaendeleaje. Kwa mwanga wake tukakaa mlangoni tukisubiri. Mrenda na likhubi vilikuwa vinachemka bila kifuniko, Kukhu akikoroga na kuinua mwiko kutazama ule uzi wa mrenda unavyovutika. Uzi haukuwa mrefu inavyopaswa. Akachota kidogo kwenye kiganja, akaonja. Akaonja tena.

"Nani," akauliza polepole, "ametia ng'ombe kwenye mrenda wangu?"

Nilijua jibu kabla ya swali kuisha. Nikakimbilia gesi na kufunua sufuria. Mchele wa pishori, ambao ukipikwa vyema kila punje hukaa peke yake, ulikuwa umekwisha kusalimu amri. Kazi ambayo munyu huufanyia ukunde mgumu ulikuwa umeufanyia mchele laini. Punje zimepasuka, zimegandana, viazi vimeyeyuka pembeni, na mvuke ulionipiga usoni ulikuwa na karafuu, iliki, na chini yake harufu ya siku ya kufua. Kijana wa Mama Nyamira alimulika ndani ya sufuria kwa muda, kisha akauliza kama Pwani huwa inakuwa hivi. Nikamwambia Pwani haijawahi kuwa hivi tangu iumbwe.

Mchele mwingine haukuwapo, na maduka ya mtaani yalikuwa gizani kama sisi. Mama Nyamira alipendekeza tununue chapati asubuhi na kusema ni za Pwani. Shemeji alipendekeza tuitupe na kusema imeliwa. Kukhu, ambaye hasira yake ya mrenda ilikuwa imepoa kidogo alipoona kuna aliyeumia zaidi, aliomba mwiko mkubwa. "Hii si ya kula kwa kijiko tena," alisema. "Sonya utasonya kesho. Songa." Watoto wakaisonga pilau kwa zamu, wakaikandamiza kwenye sahani, ikashikana, ikakatika kwa kisu. Nilionja. Sitasema ilikuwa nzuri. Nitasema kwamba ukila pamoja na kachumbari yenye ndimu nyingi, ndimu na munyu hupigana vita vyao na wewe unabaki na bizari.

Kijana alikataa katakata wazo la chapati. Alipiga picha sufuria, majagi yote mawili yakiwa yamesimama sambamba, kopo la majivu, na shemeji, aliyejaribu kuficha uso.

Tukala kuku kwa tochi. Mume wangu alipekua bakuli kwa kijiko, kisha kwa uma, kisha akaomba tochi isogezwe. Imondo haikuwapo. Hakuna aliyetamka neno, lakini macho yote yalimgeukia shemeji, ambaye kwa kosa la jagi alikuwa hana tena wa kumtetea. Aliapa kwa marehemu baba yao. Kukhu akamwambia marehemu baba yao naye alikuwa mwizi wa imondo kabla hajaoa, kwa hiyo kiapo hicho hakisaidii.

Ijumaa watoto walibeba vyombo vyao. Mtaala huu hautoi tena nambari ya mtoto wa kwanza na wa mwisho. Una ngazi nne, kutoka kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, hadi mbali na matarajio. Jioni binti yangu alirudi na matokeo yake, na ya pilau tulikuwa tumeshayapata, kwa sababu kijana wa jirani alikuwa amepitia kwao kwanza kumpa mama yake habari kwa sauti tuliyoisikia ukutani. Pilau ilipata kukaribia matarajio kwa ladha, ambayo ni huruma, na kuzidisha matarajio kwa maelezo, ambayo ni haki: alisimama na picha ya majagi, akaeleza darasa zima munyu unavyotengenezwa, unafanya nini kwenye jani na unafanya nini kwenye punje. Kikundi cha mursik, nilikuwa nimesahau kuuliza, kilileta maziwa ya dukani na kibuyu kitupu, kikasema kibuyu ni cha maonyesho.

Mushenye ulifikia matarajio. Ugali wa wimbi ulifikia. Mrenda wa supu ya ng'ombe na bizari ulizidisha matarajio, na Madam aliandika pembeni kwamba angependa kupata mapishi yake.

Binti yangu alimsomea Kukhu mstari huo kwa furaha. Kukhu alikuwa kwenye kochi akisubiri matatu za Shinyalu zipungue abiria.

"Hizo ni alama za ng'ombe," alisema. "Si za mrenda." Lakini aliomba asomewe tena.

Mume wangu aliona ni wakati mwafaka wa kufufua kesi ya imondo, kwa kuwa shemeji alikuwa ametoroka na mashahidi wote wapo. Binti yangu akamtazama kwa mshangao. Imondo? Imondo aliibeba yeye. Maelezo yalitaka kielelezo, na Kukhu mwenyewe ndiye aliyesema hicho ndicho kiungo chenye maana. Aliitoa kwenye mchuzi kabla kuku hajapakuliwa, akaifunga kwenye karatasi ya aluminiamu, akaionyesha darasani, akaeleza ni ya nani na nani hakuruhusiwa.

"Halafu?" mume wangu akauliza. "Iko wapi?"

"Madam alisikiliza vizuri sana. Kisha akaila."

Mume wangu alikaa chini. Kukhu aliweka mkoba wake miguuni. Nilimwona akipima jambo hilo, mwanamke, tena mwalimu, tena mbele ya darasa, imondo nzima bila kukatia mtu, nikajiandaa kumtetea Madam wa watu.

"Ilikuwa imeiva?" Kukhu akauliza.